Ukurasa wa Bonde la Kunde

Gamaliel Syauswa alikuwa akila michopo ya mbuzi, nyama ya kuchoma ya vijitini, huku akimwonyesha Jokébed Kavugho picha za maiti. Aling'ata nyama, akatafuna, akaweka kijiti kando ya sahani, na kidole gumba kilekile kilichokuwa kinang'aa kwa mafuta kikapita juu ya kioo cha simu kuleta picha nyingine. Kisha nyingine. Jokébed aliziona mbili za kwanza. Ya tatu ilipokuja akageuza uso, akaukodolea macho ukuta, lakini alikuwa amechelewa. Mdomo ulikuwa umekwisha kujaa yale mate mepesi yanayomtangulia mtu anayetaka kutapika.

"Angalia, Jokébed," Gamaliel alimwambia. "Kwa ile page ya Bonde la Kunde minataka sawa hii. Sitaki damu ya rangi-rangi. Batu baone vile mutu anaangukaka, vraiment."

"Ulizitosha wapi? Zinatoka kwa nani?"

"Mu WhatsApp. Zinatembeaka tu, kila mutu iko nazo." Alipangusa kioo kwa mkono wa shati, mafuta yakazidi kutapakaa juu ya uso wa mtu ambaye Jokébed hakutaka kumwona. "Ni za huku kwetu, upande wa Beni. Wewe utageuza nguo tu, utawavalisha kama batu ya Tsombira. Nani atajua?"

"Batu ya kwao batajua."

Gamaliel akacheka kidogo, akachukua kijiti kingine. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa, mrefu, mwenye sauti ya upole ambayo wanafunzi wake waliipenda, na Jokébed mwenyewe alikuwa ameipenda mpaka siku ile.

"Sitachora," alisema.

"Mais, Jokébed..."

"Sitachora, Mwalimu. Na utoshe ile telefone hapa ku meza. Batu bako banakula."

Mama Victoire Kahongya, mwenye imprimerie, nyumba ya kuchapia vitabu walimokuwa wamekutana, alikuwa amekaa upande wa pili wa meza na kalamu nyuma ya sikio. Alikuwa mwanamke mzito, mkristo wa kanisa la mjini, aliyezoea kusuluhisha waandishi na mafundi wake kama anayetenganisha mbuzi. Alisukuma sahani mbele akasema, "Gamaliel, achana naye. Kitabu kiko muzuri hata bila maiti." Gamaliel akainua mikono juu, kama mtu anayekubali, akaitia simu mfukoni. Wakaendelea na habari ya jalada.

Jokébed alishuka ngazi, akaenda nyuma ya nyumba, akatema mate mara nyingi kwenye mfereji. Harufu ya nyama ya kuchoma ilikuwa imeingia kwenye kitambaa chake cha kichwa. Jioni ile alikifua.

Kitabu chenyewe kilikuwa kitu cha pekee mjini Butembo. Gamaliel alikuwa ameandika juzuu nne za hadithi moja ndefu, *Milima Inayotembea*, juu ya nchi iitwayo Tsombira, ambako kila kizazi milima huamka, hung'oa miguu yake ardhini na kwenda kukaa mahali pengine, na watu hulazimika kufunga mizigo na kuufuata mlima uliowalea. Alianza kuiandika alipokuwa amekimbia vita kutoka Kanyabayonga, analala kwa ndugu, hana hata meza. Wanafunzi walizipokezana zile juzuu mpaka majani yakachomoka. Wakaanza kuuliza maswali ambayo hadithi haikuyajibu. Mlima ukitembea, visima hubaki wapi? Ng'ombe wa ukungu hunyonyesha namna gani? Kutoka Lango la Chumvi mpaka Bonde la Kunde ni safari ya siku ngapi? Walibishana juu ya ramani ambayo hakuna aliyekuwa ameichora. Ndipo Mama Victoire alipopata wazo la kitabu kikubwa cha picha, mwongozo wa nchi ile nzima, wanyama wake, makabila yake, nyumba, silaha, vyakula, kila kitu na maelezo yake pembeni. Akamwita Jokébed.

Jokébed alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka na vitabu vya shule. Juzuu ya kwanza aliisoma kwa siku moja, uji ukaungulia jikoni. Kazi ile aliifanya kwa mapenzi ambayo hakuwahi kuyaweka kwenye kazi yoyote. Alichora jinsi komeo la mlango linavyofungwa katika nyumba inayobebwa mgongoni. Alichora viatu vya wazee wa msafara, na jinsi wanawake wa Lango la Chumvi wanavyobeba moto ndani ya kibuyu kilichopakwa udongo. Kwake yeye, nchi isiyokuwepo inaaminika pale msomaji anapoona mahali pa kuning'iniza sufuria.

Ilipofika zamu ya Bonde la Kunde, bonde lenye watu wapole ambao mlima wao ulikataa kuamka, alichora jiko la mama yake mkubwa.

Mama yake mkubwa aliitwa Emérence. Ndiye aliyemlea Jokébed alipokuwa anasoma Beni, na jiko lake lilikuwa la udongo na mabati, lenye mafiga matatu, ungo wa mbegu za kakao zilizoanikwa mlangoni, na sahani ya bati yenye ua jekundu lililobanduka nusu. Yote hayo Jokébed aliyapeleka Tsombira. Hata miti ya bonde aliichora kama kakao, matunda yameng'ang'ania shinani. Mama Emérence mwenyewe hakumweka. Aliuawa mwaka juzi ndani ya shamba lake, asubuhi, pamoja na wanawake wengine waliokuwa wakivuna, na wauaji wakarudi msituni. Jokébed aliliacha jiko bila mtu, moto ukiwaka, kama mwenye nyumba ametoka nje kidogo kuchota maji.

Halafu kulikuwa na Walaji. Hao ndio maadui wa hadithi, viumbe wanaokuja nyuma ya milima na kunyonya majina kutoka vinywani mwa watu waliokufa, ili pasibaki mtu wa kuwaita. Jokébed alihangaika nao. Mwishoni aliwapa midomo ya ruba, laini, yenye unyevu, na vidole virefu vya mtu anayechagua nyama sokoni. Aliwachora wakitembea, wakinusa, wakilala. Hakuwachora wakila. Hilo aliliacha kwenye maneno ya Gamaliel.

Kitabu kilipoingia mashineni, Jokébed alikuwa Lubero, kwenye baridi, akipaka ukuta wa shule moja ya misioni. Mama Victoire alimpigia kumwambia kazi imetoka vizuri, rangi imeshika, na uzinduzi utafanyika Beni kwa sababu wasomaji wa huko walikuwa wameomba sana. Jokébed akafurahi. Akampigia Éphraïm Mathe, mtoto wa Mama Emérence.

"Yaya, uje kabisa," alimwambia, kama alivyozoea kumwita kaka yake mkubwa. "Jiko ya mama iko ndani."

"Jiko yetu? Mu kitabu?"

"Na ile sahani."

Kwenye simu akasikia kaka yake anacheka, kicheko ambacho alikuwa hajakisikia tangu mazishi.

Ukumbi wa uzinduzi ulikuwa wa parokia, mabati matupu juu, joto la Beni limekaa ndani kama kitu chenye uzito. Vijana walikuwa wamejaa mpaka milangoni, wengine wamevaa vitambaa vya msafara mabegani kama watu wa Tsombira. Jokébed alifika na gari la Mama Victoire, maboksi ya vitabu yakiwa yamefungwa bado. Yalipofunguliwa alichukua nakala moja, akainusa. Wino mbichi. Jina lake lilikuwa kwenye jalada, chini ya la Gamaliel: *Picha zote: Jokébed Kavugho*. Macho yalimlowa, akaona aibu, akajifanya anapangusa jasho.

Éphraïm aliingia amevaa shati la pasi, viganja vyake vimekolea weusi wa kakao ambao sabuni haiutoi. Alikuwa ananunua na kukausha kakao, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Walikumbatiana. Wakakaa kwenye benchi la nyuma, karibu na dirisha, na Jokébed akamfungulia kitabu mapajani.

Kwanza ramani. Éphraïm alifuata njia za misafara kwa kidole. Kisha ng'ombe wa ukungu, akacheka. Kisha akasema, "Bien, sasa nionyeshe kwetu."

Jokébed akageuza majani mpaka Bonde la Kunde. Jiko lilikuwa upande wa kulia, ukurasa mzima.  Éphraïm alisogeza uso karibu, akahesabu mafiga, akagusa ungo, akagusa lile ua jekundu lililobanduka.

"Ni miye niliiangusha hii sahani," alisema taratibu. "Alinichapa, halafu alilia."

"Najua. Nilikuwa pale."

"Wasingya, Jokébed." Shukrani hiyo ya Kinande aliisema kama anavyoisema mtu kanisani. "Wasingya kabisa."

Akageuza jani.

Nyuma ya jiko, kwenye karatasi ileile, kulikuwa na picha ambayo Jokébed hakuwahi kuiona. Ilijaza ukurasa mpaka kingoni. Mwanamke alikuwa amelala chali chini ya mti, mguu mmoja umekunjwa vibaya, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa fundo juu ya sikio la kushoto. Mdomo ulikuwa wazi. Mlaji alikuwa amechuchumaa juu yake, na midomo yake ya ruba, ile midomo ambayo Jokébed aliitafuta wiki nzima, ilikuwa imeingia ndani ya mdomo wa yule mwanamke. Chini yake maandishi: *Mlaji akinyonya jina. Maiti wa Bonde la Kunde.*

Nguo ilikuwa imebadilishwa. Uso haukubadilishwa. Ulikuwa uso wa Mama Emérence, kovu dogo la utotoni kwenye nyusi, meno ya mbele yaliyoachana. Fundo lile juu ya sikio hakuna mwanamke mwingine aliyelifunga hivyo.

 Jicho la Jokébed, jicho la kazi, lilikuwa limekwisha kukimbilia mahali pengine. Miti. Matunda yalikuwa yananing'inia kwenye ncha za matawi, kama maembe. Mistari ilikuwa yake, vivuli vilikuwa vyake, hata namna yake ya kukatisha wino kwenye vidole, lakini mkono haukuwa wake.

"Yaya, siyo miye," alisema haraka. "Angalia miti. Kakao haizaaki ku mwisho ya tawi, miye siwezi kuchora vile. Angalia ile matunda..."

Éphraïm aligeuka akamtazama.

"Mama yangu iko chini," alisema, "na weye uko unaniambia habari ya miti?"

Alisema kwa sauti ndogo. Jokébed alitamani kumeza ulimi. Aliona kwamba kabla hajamwona mama yake mkubwa kama mama yake mkubwa, alikuwa amekagua matunda, na kichefuchefu kile kilichokuwa kinawahusu wengine kikamgeukia yeye mwenyewe.

"Nilikataa kumuona," Éphraïm aliendelea, macho yamerudi kwenye ukurasa. "Siku ile bale banaume waliomubeba waliniambia, usiangalie, kumbuka mama yako vile alikuwa. Nikakubali. Nilifunga sanduku bila kuangalia. Kila siku nasemaka, nilifanya vizuri." Kidole chake cheusi kilikuwa juu ya ukurasa, hakigusi. "Sasa nimeona. Na ule... ule kintu iko inamukula mu kinywa."

Akafunga kitabu, akakiweka chini ya benchi, si kwa hasira, kama mtu anayeweka chini kitu kinachovuja. Kisha akatoka nje. Kupitia dirishani Jokébed alimwona kwenye bomba la uani, akinawa mikono, ananawa mpaka kwenye viwiko, anaanza tena.

Mbele ya ukumbi Gamaliel alikuwa amekwisha kuanza kutia sahihi. Foleni ilikuwa imezunguka viti. Jokébed alipita kando yake mpaka mezani, na alipofika msichana mmoja mwenye kitambaa cha msafara alikuwa anamfungulia mwandishi kitabu. Alikuwa amekifungua kwenye ukurasa uleule.

"Hapa, Mwalimu. Tia sahihi hapa, ku page ya Mlaji. Ni hii inapita zote!"

"Hii inatisha, eh?" Gamaliel alisema akitabasamu, na kalamu yake ikashuka. Hapakuwa na nafasi nyeupe kwenye ukurasa, kwa hiyo aliandika juu ya nguo ya maiti. *Kwa Providence, msomaji hodari.* Mkia wa sahihi yake ukapita shingoni mwa Mama Emérence.

Jokébed aliweka kiganja juu ya kitabu.

"Nani alichora hii?"

Gamaliel akainua uso. Kwa nukta moja alionekana kama mwanafunzi aliyekamatwa, kisha akajikusanya. "Jokébed. Karibu, karibu. Nilitaka kukueleza, mais ulikuwa Lubero, réseau ya telefone ilikuwa mubaya."

"Nani alichora?"

"Kuna programu. Kijana mumoja hapa Beni alinisaidia. Unaipatia michoro yako na foto, inatosha picha mupya, sawa ni weye ulichora. Nilifikiri, juu umekataa, nisikusumbue." Akashusha sauti. "Jina yako iko pale kwa heshima tu."

"Ule mwanamuke ni mama yangu mukubwa."

Gamaliel alifungua mdomo, akaufunga. Jokébed aliona wazi kwamba hakujua. Lakini aliona pia, na hili ndilo lililomtia kinyaa zaidi, kwamba baada ya mshtuko kupita usoni mwake kilikuja kitu kingine, nuru kidogo, kama mwandishi anapopata mstari mzuri.

"Sikujua," alisema. "Pole. Pole sana, Jokébed. Mais sikiliza. Miye nilitoka Kanyabayonga na nguo ya ku mwili tu. Usinifundishe maumivu. Hii inchi, batu banakufa, kesho kila mutu amesahau. Batoto banapitisha zile foto ku telefone sawa banapitisha mipira. Miye nimeziweka mu kitabu. Mama yako mukubwa hatasahauliwa tena. Donc, ukifikiri vizuri..."

"Umemupatia jina gani?"

"Comment? Jina gani?"

"Mu kitabu. Jina yake ni nani? Umeandika 'maiti'."

 Msichana Providence alikuwa akiwatazama kwa zamu, kitabu chake bado chini ya kiganja cha Jokébed. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kunyamaza, na kwenye mlango wa ukumbi Éphraïm alikuwa amesimama, mikono inadondosha maji, hasogei.

Mama Victoire alifika akihema. Alikuwa ameita mtu wa soda, alikuwa anafurahia siku yake. Jokébed akamwonyesha ukurasa, akamwambia yule ni mama yake mkubwa. Mama Victoire alitazama, akasema kwamba kweli Gamaliel alileta ukurasa huo mwishoni, kwamba alidhani Jokébed amebadili mawazo, kwamba mkono ulikuwa wa Jokébed kabisa. Kisha akasema, "Tutabandika kikaratasi juu. Kesho, tukirudi Butembo."

"Ule kule ni Éphraïm, mutoto yake," Jokébed akamwambia.

Mama Victoire aligeuka. Alimtazama yule mwanaume mlangoni kwa muda mrefu, shati lake la pasi limelowa mbele, weusi wa viganja vyake. Alichomoa kalamu nyuma ya sikio, akaiweka mezani.

"Leteni kisu ya karatasi," aliwaambia mafundi wake. "Na mufunge maboksi. Hakuna kitabu inatoka hapa na ile page."

"Mama Victoire, hauwezi!" Gamaliel alisimama. "Ni kazi yangu!"

"Na karatasi ni yangu."

Walikata. Jokébed mwenyewe alikata, kitabu baada ya kitabu, kisu kikifuata mshono, na kila jani lilipotoka lilitoka na jiko nyuma yake, mafiga, ungo, sahani. Hilo alikuwa amelijua tangu Mama Victoire alipoagiza kisu. Mwanzoni alijaribu kutoliangalia, baadaye aliacha kujaribu. Vijana waliokuwa wamekwisha nunua waliombwa kurudisha. Wengine walirudisha, wamenywea, wakasema pole kwa Éphraïm bila kujua waangalie wapi. Wengine walikataa.

"Mais, Mama, ni page ya muzuri kuliko zote," Providence alilalamika, kitabu amekikumbatia kifuani. "Kitabu bila maiti ni kitabu ya batoto."

Jokébed alimtazama binti yule, uso wake safi, kitambaa cha msafara kilichoshonwa kwa uangalifu kwa kufuata mchoro uliokuwa kwenye tangazo la uzinduzi, mchoro ambao yeye, Jokébed, alikuwa ameutoa kichwani mwake. Akavuta kitabu kingine, akakata. Kwenye dirisha la nyuma vijana wawili walikuwa wameshika simu juu ya ukurasa, wanapiga picha haraka kabla kisu hakijafika. Mmoja alikuwa anatafuna andazi. Makombo yalimwangukia Mlaji mgongoni.

Yale majani yaliyokatwa waliyachoma nyuma ya ukumbi. Wino wa rangi ulitoa moshi mzito, wenye harufu ya plastiki, ukang'ang'ania kooni. Éphraïm alisimama upande wa pili wa moto mpaka la mwisho likaisha, kisha akapanda pikipiki ya abiria na kwenda zake bila kuaga.

Haikusaidia sana. Ile picha iliingia kwenye simu zote za Beni na Butembo, na kwa kuwa ilikuwa imechomwa, kila mtu aliitaka. Gamaliel alihamia kwa mchapaji mwingine na kutangaza juzuu ya tano. Alimwandikia Jokébed ujumbe mrefu wa kuomba radhi, wenye sentensi nzuri sana, na Jokébed alipofika katikati alihisi mate yaleyale yanamjaa mdomoni, akaufuta. Mama Victoire aliuza mwongozo ule ukiwa na pengo lake katikati ya Bonde la Kunde, jina la Jokébed limefunikwa kwa karatasi kama alivyoomba. Vijana walikuwa wanaibandua kwa kucha kuona chini kuna nini. Siku moja, akiwa juu ya ngazi anapaka kibao cha duka la dawa, mwanafunzi mmoja alisimama chini akamwita kwa furaha.

"Mama! Ni weye ulichora ile maiti?"

Alikaa juu ya ngazi na brashi mkononi mpaka yule kijana alipochoka kungoja.

Mwezi ule ule akaenda Beni peke yake. Alimkuta Éphraïm uani, amefungua magunia, mbegu za kakao zimetandazwa juu ya turubai, harufu yao chachu kama siki imejaa kila mahali. Hakumkaribisha, hakumfukuza pia. Akamsogezea kigoda kwa mguu. Mke wake akaleta bundu, ugali wa muhogo, na sombe ya majani yake, wakala.

"Nikifunga macho," Éphraïm alisema mwishowe, "namuonaka ile ya kitabu. Ile yangu ya zamani, akiwa mu jiko, inakataa kuja."

"Naweza kumuchora," Jokébed alisema. "Akiwa muzima. Anacheka. Uweke ku ukuta, labda..."

"Hapana." Hakusema kwa ukali. "Usimuchore tena. Asichorwe na mutu."

"Sawa, yaya."

"Nitangoja tu. Siku moja labda itarudi yenyewe."

Jokébed akainama, akakubali. Kutoka mlimani wingu lilikuwa linasogea, na upepo uliinua kona ya turubai. Éphraïm alimpa reki moja ya mbao, akachukua nyingine, wakaanza kugeuza mbegu, yeye upande huu, dada yake upande ule, wakizisukuma kuelekea katikati. Mvua ilipoanza kudondosha matone ya kwanza walikunja turubai wote wawili, wakashika kila mmoja pembe zake, wakaibeba ndani.